Uso wa Baba Katika Kitabu cha Kimondo

Kibomet,
Kitale.
21 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gichuki,

Nakusalimu kutoka nyumbani, ambako mahindi yameanza kukauka shambani lakini mvua ya alasiri bado haijataka kutuacha. Hamjambo, wewe na mama Emmy? Mgongo wako unaendeleaje na hayo malori ya safari ndefu? Emmy ameanza muhula vizuri? Nasikia huko Edmonton baridi imeshaanza kujitayarisha, basi tafadhali vaa ile sweta niliyokufumia, hata kama siku hizi inakubana tumboni.

Sisi hatujambo kiasi. Magoti yanamsumbua Mami, ila sukari imeshuka, na kila Jumapili bado anataka tufike kanisani kabla ya mchungaji mwenyewe. Mimi bado niko na sare zangu za shule pale mjini. Muhula ulipofunguliwa nilikaa kwenye cherehani mpaka vidole vikafa ganzi.

Sasa nikwambie kwa nini nimeshika kalamu na simu ninayo. Kwenye simu ningepiga kelele, nawe ungeniambia nitulie kwanza, halafu tungeishia hapo. Haya nataka uyasome mpaka mwisho bila kunikatiza.

Mwezi uliopita uliandika kwenye kundi la familia kwamba kile kitabu cha katuni cha Kimondo kimechapishwa upya baada ya miaka thelathini na mitano. Ukaniomba niende kwenye uzinduzi wake Bungoma, nikununulie nakala, mchoraji aandike ndani yake jina la Emmy. Ukasema ndicho kitabu cha utoto wetu. Halafu ukatuma ile video: Emmy yuko mezani, anamwiga adui wa kitabu uliyemsimulia, ameshusha kope ya jicho la kushoto kwa kidole, anazuia sahani kwa mkono na kusema kwa sauti nzito, "Mimi ndimi Mzee Gunzi. Hakuna unga." Nyinyi mnacheka, na mama Emmy anacheka mpaka simu inatikisika.

Mami alikuwa amekaa kando yangu. Aliitazama mara moja, akanirudishia simu, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Sikulaumu. Ulikuwa na miaka minne kitabu kile kilipotoka, na ulipokua tulikuficha ukweli. Lakini leo sikufichi tena. Lile jicho analoliiga mwanao ni jicho la Baba.

Wewe unamkumbuka Baba akiwa mlinzi wa ghala hapa Kitale, mtu wa maneno machache, koti refu, redio ndogo mfukoni, na kope uliyodhani imelemewa na usingizi wa zamu. Kabla ya hapo alikuwa na kisiagi cha posho, mashine ya kusaga mahindi, kule Kiminini, karibu na steji ya matatu. Watu walileta mahindi yao kwa debe na kwa gorogoro tangu alfajiri, naye alikuwa akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya kuzidi mashine. Siku moja mkanda wa mashine ulikatika ukampiga usoni. Hospitali ya misheni ya Lugulu ililiokoa jicho, ila kope ikabaki imelala nusu. Wateja walimzoea hivyo hivyo.

Kulikuwa na kijana mmoja wa kutoka upande wa Bungoma anaitwa Bethwel, aliyekuwa akichora vibao vya maduka. Kazi yake ya kwanza pale Kiminini alipewa na Baba: aandike jina lake, Gathii, ukutani na kuchora hindi kubwa la manjano. Alichukua siku tatu, na siku zote tatu alikunywa uji wetu na kula viazi vyetu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea kikombe. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilimwona kuwa mtu wa ajabu, kwa jinsi alivyoweza kufanya hindi litoke ukutani kwa brashi tu.

Mwaka uliofuata kikatoka kitabu. Unakijua: tarishi wa posta anapigwa na radi juu ya baiskeli yake, anaamka akiwa na mbio za kushinda upepo na mikono ya kuinua lori. Ndiye Kimondo. Adui yake ni Mzee Gunzi, mwenye kisiagi, anayefungia mahindi wakati wa njaa na kusaga mchanga pamoja na unga. Ukurasa wa mwisho Kimondo anang'oa kisiagi kizima, Gunzi akiwa ndani, anakikung'uta juu ya umati, na unga unawamwagikia watu wanaopiga makofi.

Nilinunua hiyo nakala mpya hapa Kitale siku chache kabla ya uzinduzi, nikaisoma dukani kwangu nikishona, kati ya sketi na sketi. Nilitaka nikute kwamba kumbukumbu yangu imetia chumvi. Haikutia. Mlango wa kisiagi cha Gunzi ni mlango wetu, wenye ngazi mbili, moja imevunjika pembeni. Koti ni lake la siku za kisiagi, mfuko mmoja umening'inia. Uso ni wake, kuanzia paji mpaka kidevu, ila meno ameongezewa.

Na kuna jambo sikuliona nilipokuwa mtoto. Wengine wote kitabuni wanaongea Kiswahili kilichonyooka. Gunzi peke yake amepewa lafudhi yetu sisi tuliotoka Nyeri. Kila akifungua mdomo, herufi zinapinda ili msomaji acheke. Unakumbuka ulivyosimuliwa miaka iliyofuata ilikuwaje kwa watu kama sisi katika sehemu hii. Sisemi kitabu ndicho kilicholeta zile fujo za kuwafukuza watu wetu, huo ungekuwa uongo. Nasema tu kwamba zilipofika, Baba alikuwa ameshapewa jina.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kitabu ni kizuri. Ile picha ya Kimondo akivuka mto Nzoia juu ya maji, baiskeli begani, ilinisimamisha nywele tena, mimi mwanamke mzima mwenye tepu shingoni. Nilikifunga kwa hasira, kisha nikakifungua tena kuitazama.

Sasa sikia kilichompata Baba. Kwanza ni watoto. Walipita mbele ya kisiagi wakitoka shule wakiimba, "Gunzi, toa unga." Baba alicheka nao siku za mwanzo. Kisha wakaanza kurusha mawe juu ya mabati. Halafu watu wazima. Mama mmoja, mteja wa miaka mingi, alitandaza leso yake chini mbele ya Baba, akamwaga unga wake wote juu yake na kuuchambua kwa kidole akitafuta mchanga. Baba alisimama pale akimngoja amalize. Mama yule hakupata kitu, akaukusanya akaenda zake. Wiki iliyofuata wakawa watatu. Wengine wakaanza kwenda kusaga kwingine, ati foleni ni fupi huko. Baada ya miaka miwili Baba aliuza mashine, tukahamia mjini, akavaa koti la mlinzi. Hakuimba tena, hata kanisani. Wewe ulikua ukidhani ndivyo alivyozaliwa.

Basi nilikwenda Bungoma. Rafiki yangu Fadumo, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, alinipeleka kwa gari lake. Yeye hakukijua kitabu, kwa hiyo nilimhadithia njiani. Tulipopita Kiminini nilimwonyesha mahali palipokuwa kisiagi. Siku hizi wanauza vifaa vya simu. Fadumo akaniuliza kama naenda kuuliza swali au kugombana. Nikamwambia sijui.

Ukumbi ulijaa. Vijana wengine walikuwa wamevaa fulana zenye uso wa Gunzi kifuani. Uso wa Baba, Gichuki, umechapishwa kwenye fulana, na kijana anaukunja kwa tumbo akiketi. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu alisema kwamba kitabu hiki kilitufundisha haki, na kwamba Mzee Gunzi si mtu, ni mfano wa uchoyo wa binadamu. Watu walipiga makofi. Bethwel alikuwa ameketi mbele, mzee sasa, mvi tupu, mkono wa kulia ukitetemeka juu ya goti.

Walipofungua nafasi ya maswali nilisimama. Nilipewa kipaza sauti na nikasikia pumzi zangu ndani yake. Nilisema hivi: "Naitwa Wamboi. Baba yangu alikuwa na kisiagi Kiminini. Nataka mchoraji atuambie, huyu Mzee Gunzi ni nani?"

Wengine walicheka kidogo, wakidhani ni mzaha. Bethwel hakucheka. Alinitazama usoni, nadhani alikuwa akimtafuta yule msichana wa kikombe. Kisha akasema, "Ni Gathii."

Yule mwalimu alitaka kuingilia, akaanza tena habari za mfano. Bethwel alimwinulia mkono anyamaze. Akaeleza kwamba siku zile mchapishaji alikuwa akimharakisha, alihitaji uso wa kutisha, na uso uliokuwa umekaa kichwani mwake ni wa Baba kwa sababu ya siku zile tatu alizomtazama. Ati hakufikiri kwamba watu wangemtambua.

Nikamwambia, "Ulichora mpaka ngazi iliyovunjika. Ulitaka atambuliwe na nani?"

Alisema jambo lingine ambalo sikumwuliza. Alisema miaka michache baadaye alimwona Baba hapa Kitale, amesimama kwenye lango la ghala na koti la mlinzi. "Nilimjua," akasema. "Nikavuka barabara."

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, mazito, lakini nilikaa chini. Nilikaa kwa sababu mimi pia nilivuka barabara. Hili sijawahi kumwambia mtu. Mwaka ule wa kitabu nilikuwa nikitoka shule na wenzangu, wakaanza kuimba kile kiitikio mbele ya kisiagi, naye Baba akatokea mlangoni amejaa unga. Mmoja wao, mgeni pale, akaniuliza kama namjua yule mzee. Nikasema simjui. Nikapita nao upande wa pili. Sijui kama alisikia.

Baada ya kikao, mwanamke mmoja wa kampuni ya kuchapisha alinifuata nje kwa tabasamu. Nilidhani amekuja kuomba radhi. Kumbe alitaka namba yangu ya simu. Alisema habari kama hii, ikisimuliwa vizuri, itakisaidia sana kitabu kwa wasomaji wapya. Fadumo alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye gari, la sivyo ningekuandikia barua hii kutoka kituo cha polisi.

Nilifika nyumbani nikifoka. Nilimweleza Mami yote huku natembea sebuleni: Bethwel, fulana, mwalimu, yule mwanamke. Nikasema watu wale hawana haya, walimpora Baba uso wake na bado wanauvaa. Mami aliniacha nimalize. Kisha akaniambia nikae.

Akaniambia kwamba Baba alikuwa anajua kuhusu kitabu kabla ya watoto kuanza kuimba. Alikikuta chini ya godoro langu, siku alipokuwa akirekebisha kitanda changu. Alikaa pale pale akakisoma chote. Mami alipotaka kukichoma kwenye jiko, Baba alimkataza. Alisema, "Ni cha mtoto. Anakipenda." Akakirudisha chini ya godoro mahali pale pale, na akamwapisha Mami asiniambie.

Nililia, Gichuki, na sitakudanganya kwamba nililia vizuri. Nilikasirika tena, safari hii kwa Baba. Angenipiga. Angekichoma. Angeniuliza hata neno moja, nami ningejua la kujibu siku ile mbele ya kisiagi. Aliniachia kitabu changu, akatoka kwenda kuchekwa peke yake. Hasira hii sijui niiweke wapi, maana mwenyewe hayupo tena duniani.

Jumapili iliyofuata, tumetoka kanisani, tulimkuta Bethwel amekaa kwenye kiti nje ya mlango wetu. Alikuwa amepata njia ya nyumbani kwa kuuliza watu sokoni. Nilitaka kumfukuza. Mami akasema mgeni huingizwa ndani, hata huyu. Akamwekea chai. Mkono wa Bethwel ulitetemeka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza, na hakuna aliyeifuta.

Alikuja na pendekezo lake. Alisema toleo litakalofuata atabadilisha uso wa Gunzi, atachora mwingine, na kijana mmoja atamsaidia kwa kompyuta kwa sababu ya mkono wake. Alisema hivyo kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Nami, nakiri, nilifurahi.

Mami alitikisa kichwa. "Usichore mwingine," akamwambia. "Huo mwingine utautoa kwa baba wa nani?"

Bethwel akamwuliza, basi afanye nini. Mami hakufikiri hata kidogo, na hapo nilijua jibu hilo amekaa nalo miaka yote hiyo.

"Andika kwamba unga wake ulikuwa safi."

Ni hilo tu alilotaka. Hakutaka pole, wala sifa, wala jina la Baba kwenye jalada. Nilimpa Bethwel karatasi kutoka daftari langu la vipimo vya sare. Aliandika polepole, mkono mmoja ukishikilia mwingine, akaharibu karatasi ya kwanza na ya pili. Katika ya tatu aliandika kwamba uso wa Mzee Gunzi ni uso wa Gathii wa Kiminini, ambao yeye Bethwel aliutumia bila ruhusa. Kwamba Gathii hakufungia mtu mahindi. Na kwamba unga wake ulikuwa safi. Akatia sahihi na tarehe. Mami alimwomba amsomee kwa sauti, naye akamsomea. Alipofika mwisho Mami alimwomba arudie mstari ule wa unga.

Bethwel aliahidi kwamba ukurasa huo utatangulia katika toleo lijalo, na kwamba bila huo hatakubali lichapishwe. Nimewatumia wachapishaji picha ya karatasi kwa simu yangu. Ni wiki ya tatu hii, hawajajibu, ila yule mwanamke amenipigia mara mbili kuuliza kama nina picha za zamani za kisiagi. Sikumpa. Muhula ukifungwa nitakwenda ofisini kwao Nairobi mwenyewe, nitaketi mlangoni pao na kufuma hapo hapo mpaka mtu atoke kuongea nami.

Kuhusu ombi lako: kitabu nakutumia, lakini jina la Emmy sikumruhusu Bethwel aliandike. Ndani yake nimebana nakala ya ile karatasi. Wewe mweke Emmy karibu, umsomee vyote viwili, karatasi na kitabu. Usimgombeze kwa ile video, hakujua, kama ambavyo wewe hukujua. Mwambie tu kwamba yule ni guka wake, babu yake mzaa baba, na kwamba kope ile ilishushwa na mkanda wa mashine akiwa kazini. Akitaka kumpenda Kimondo, ampende. Hata mimi nimeshindwa kumchukia.

Lakini nisikie vizuri. Usiniandikie kwamba sasa yameisha. Najua utataka kusema hivyo, wewe ni mtu wa amani. Bethwel alichukua dakika ishirini kuandika mstari mmoja. Dakika ishirini na mkono mgonjwa. Miaka thelathini na mitano mkono huo ulikuwa mzima, na kutoka Bungoma kuja hapa si mbali. Mami amesema anamsamehe. Mimi sijafika huko, na naomba mtu asinisukume.

Nisalimie mama Emmy, mwambie sina kinyongo naye kwa kile kicheko. Mbusu Emmy kwa ajili ya cucu wake, Mami. Shangazi Kabura anakusalimu, ng'ombe wake amezaa pacha na habari hiyo ameisambaza hadi Lwakhakha. Fadumo naye anakusalimu ingawa hamjawahi kuonana. Anasema mtu mwenye dada kama mimi anastahili kuombewa. Mpigie Mami simu siku ya Jumapili, mchana wa kwetu. Muulize habari za Baba wa Kiminini, yule aliyekuwa akiimba. Tangu karatasi ile iandikwe amekuwa akimzungumzia bila kuulizwa, na jana, akichambua maharagwe, nilimsikia akiimba wimbo mmoja ambao nilikuwa nimeusahau. Ulikuwa wa kisiagini.

Mungu akulinde katika barabara hizo ndefu za barafu, na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dadako nikupendaye, hata nikiwa na hasira,

Wamboi wa Gathii